Pedali za fidibaki kwa gitaa: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Wapiga gitaa wengi wa huku kwetu hatuna amplifaya jukwaani. Gitaa linapita kwenye pedali, linaingia kwenye boksi la DI (la kuliunganisha na miksa), linaishia kwenye miksa, na sisi tunajisikia kupitia monita iliyolala miguuni. Kwa kazi ya kila Jumapili au ya hotelini mpango huo unafaa sana. Shida inakuja siku unayotaka noti ya mwisho ya solo isife: ibaki hewani, ianze kuimba yenyewe, ipande taratibu mpaka igeuke sauti nyingine iliyo juu yake. Ukimwomba fundi mitambo akuongezee sauti ili uipate, atakataa, na ana haki. Nusu ya kazi yake ni kuua mluzi wa maikrofoni. Hawezi kukuruhusu ufuge mwingine.

Mluzi ule wa maikrofoni na fidibaki ya gitaa ni ndugu wa tumbo moja. Spika inatoa sauti, sauti inatikisa uzi, pikapu (sumaku iliyo chini ya nyuzi) inauchukua mtikisiko na kuurudisha kwenye amplifaya, spika inautoa tena ukiwa umekua. Mzunguko huo ukishapata nguvu ya kutosha, uzi haunyamazi. Ila gitaa lina nyuzi zilizopangwa sauti, kwa hiyo mluzi wake haulii ovyo. Unaangukia kwenye noti zilizomo ndani ya uzi wenyewe. Uzi wa tano ukiachwa wazi ni A, mitetemo 110 kwa sekunde. Ndani yake zimo 220, 330, 440, 550 na kuendelea, ziitwazo hamoniki, na fidibaki huchagua mojawapo.

Ipi itachaguliwa inategemea umesimama wapi. Wimbi la sauti la mitetemo 330 lina urefu wa kama mita moja hewani, kwa hiyo ukisogea nusu mita tu, mzunguko uliokuwa ukiusukuma uzi unaanza kuupinga, na sauti inarukia hamoniki nyingine. Ndiyo maana Robert Fripp, alipokuwa akirekodi gitaa la wimbo “Heroes” wa David Bowie jijini Berlin mwaka 1977, aliwekewa alama za utepe sakafuni: noti hii unasimama hapa, ile unasimama pale. Ufundi ule ulihitaji chumba, amplifaya yenye sauti kubwa na muda. Pedali ninazozipanga hapa zinamsaidia mtu ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Kabla hujatoa hela

Kama unayo amplifaya na unayo nafasi ya kuifungulia sauti, usinunue pedali ya fidibaki kwanza. Chukua kompresa, weka sasteini (urefu wa noti kubaki hewani) juu, ifuatishe na ovadraivu yoyote nzuri, Boss SD-1 au Ibanez Tube Screamer inatosha kabisa, kisha ligeuze gitaa likaribie spika. Kompresa inazuia noti isidondoke, ovadraivu inaongeza nguvu ya mzunguko, na fidibaki utakayoipata ni ya kweli kwa sababu uzi wenyewe ndio unaotikisika. Ukilia mluzi mkali usiobadilika hata ukizibana nyuzi zote kwa kiganja, hiyo siyo fidibaki ya nyuzi. Hapo ni pikapu yenyewe inayotetemeka, mara nyingi kwa sababu nta iliyomo ndani haitoshi au haikuwekwa kabisa. Mpelekee fundi wa gitaa. Hakuna pedali itakayoiponya.

Halafu kumbuka masikio yako. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 100 zaidi ya dakika 15 kwa siku. Amplifaya inayotoa fidibaki chumbani hufika huko bila shida, na mazoezi yetu hayaishi kwa dakika 15.

Ya kwanza: DigiTech FreqOut

Hii ndiyo ninayompendekezea kila mpiga solo anayepitia kwenye miksa. Ilitoka mwaka 2017, na ilipoingia sokoni Marekani iliuzwa kwa karibu dola 180. Kazi yake ni kusikiliza noti unayopiga, kutengeneza hamoniki yake, na kuipandisha kidogo kidogo kama ambavyo fidibaki ya kweli ingepanda. Haihitaji sauti kubwa wala distoshoni (ile sauti ya gitaa inayokwaruza). Unaweza kuitumia ukiwa na visikizi masikioni, mtoto amelala chumba cha pili.

Nobu (kitufe cha kuzungusha) ya Onset ndiyo roho yake. Inaamua fidibaki ije upesi kiasi gani: ukiifunga kabisa inakuja papo hapo, ukiifungua inakuja baada ya sekunde kadhaa. Wengi huiweka haraka mno na matokeo yake yanasikika kama kinanda kilichodandia gitaa. Mimi huiweka katikati au kupita kidogo. Unapiga noti, unaitikisa kwa kidole, unakanyaga. Taa ndogo zilizojipanga zinawaka moja baada ya nyingine, na noti inaanza kujigeuza wakati bado unaisikia ile ya mwanzo. Mtu aliyekaa mbele hajui umefanya nini. Anachosikia ni gitaa linalopumua.

Nobu ya Type inahitaji akili ya muziki, siyo ya mitambo. Ina Sub, 1st, 2nd, 3rd, 5th, na mbili za kuiga hali ya asili. Ukipiga A, 2nd inakupa A ya juu yake, 3rd inakupa E, na 5th inakupa C shapu. Hiyo C shapu iangalie vizuri. Tulikuwa mazoezini na wimbo uko kwenye A mainori. Nikamaliza mstari kwa A ndefu huku nimeiacha pedali kwenye 5th. Kinanda kinashikilia C ya kawaida, gitaa langu linapandisha C shapu juu yake, nusu hatua inayokwaruza kama msumari kwenye bati. Dada wa sauti ya kwanza alinyamaza kabisa akidhani yeye ndiye aliyekosea. Tangu siku hiyo, wimbo wa mainori naupiga kwa 2nd au 3rd, na 5th naitunza kwa nyimbo za meja, ambako inang’aa kweli.

Zipo swichi mbili ndogo juu. Momentary ikiwashwa, fidibaki inakuja ukiwa umekanyaga na kuondoka ukiinua mguu, anzia hapo. Dry ikizimwa, gitaa lako la kawaida linatoweka na kubaki fidibaki peke yake. Iongezee dilei ndefu na riveba (pedali za mwangwi), na unapata zulia la sauti la kutandika chini ya maombi au chini ya utangulizi wa wimbo, bila kinanda.

Mahali pa kuiweka, jaribu kote kuwili. Ikiwa kabla ya distoshoni, noti na mluzi wake vinatafunwa pamoja na kuwa kitu kimoja. Ikiwa baada yake, mluzi unasimama msafi na kusikika peke yake. Kama unatumia geti ya kukata kelele, iwe kabla ya FreqOut. Ukiiweka baada yake, geti itaona sauti inashuka na kukata ule mkia uliounulia pedali.

Udhaifu wake ni kwamba haina nafasi ya betri, na inakula umeme mwingi kuliko ovadraivu ya kawaida. Soma mA (kiasi cha mkondo wa umeme) inayotaka kabla hujaichomeka kwenye tundu la mwisho la pawa saplai yako. Na ukipiga kodi nzito yenye nyuzi sita, itachagua noti inayoitaka yenyewe. Noti moja, au mbili, ndiyo lugha yake.

Ya pili: EBow, ingawa si pedali

Naiweka hapa kwa sababu kwa bei yake, karibu dola 100 kule Marekani, ni vichache vinavyokupa uzi unaolia kwa kweli bila amplifaya. Aliyeibuni ni Greg Heet, na imekuwa sokoni tangu mwaka 1976. Unaishika mkononi badala ya piki. Inakaa juu ya nyuzi mbili za pembeni, na ule wa katikati unasukumwa kwa sumaku mpaka utakapoondoa mkono. EBow Plus ina swichi ya nafasi mbili, ya pili ikiwa ya hamoniki, na hapo ndipo inapofanana na fidibaki. Isogeze iwe juu ya pikapu, sauti inakua. Iondoe hapo, inatulia. Betri ya 9V inatosha.

Inanyang’anya mkono wa kulia. Huwezi kupiga rizimu kisha kwenye mapigo manne yajayo ukawa na EBow mkononi na piki mdomoni bila kuwa umefanya mazoezi mengi ya kubadilisha. Nyuzi za nailoni pia haiziwezi, kwa sababu sumaku haina cha kuvuta. Kwa mtu anayerekodi nyumbani mstari mmoja mmoja, ningeiweka hata juu ya FreqOut. TC Electronic nao wana Aeon, inayofanya kazi kwa njia hiyo hiyo, lakini haina swichi ya hamoniki, na kwa habari yetu ya leo hiyo swichi ndiyo tunayoitafuta.

Kwa anayetaka kitu hicho bila kushika chochote, kuna saketi za kufungwa ndani ya gitaa, Sustainiac, na Fernandes Sustainer ambayo mtengenezaji wake alifilisika mwaka 2024. Zinachukua nafasi ya pikapu ya shingoni na ni nzuri sana. Ila ni kazi ya fundi na kutoboa mbao, na zinabaki kwenye gitaa hilo moja. Usianze nazo.

Ya tatu: Boss FB-2, ukiipata

Feedbacker/Booster hii ilitoka mwaka 2011 na haitengenezwi tena, kwa hiyo utaipata kwa mtu, si dukani. Ukikanyaga na kuachia, ni busta ya kusukuma solo mbele. Ukikanyaga na kushikilia, fidibaki inakuja. Kwa mwenye ubao mdogo wa pedali hiyo ni faida kubwa, kazi mbili kwenye nafasi moja, na inakubali betri. Nobu zake ni Boost, Tone, Character na Feedback. Huwezi kuchagua hamoniki kwa usahihi kama kwenye FreqOut, na ndiyo sababu pekee ya kuishusha hapa.

Ya nne: Boss DF-2

Ile ya rangi ya chungwa, ya mwaka 1984, distoshoni na fidibaki ndani ya boksi moja. Ina heshima yake. Ilikuwa ikiuza wazo hili zaidi ya miaka 30 kabla ya FreqOut. Lakini mluzi wake unatengenezwa na saketi inayojaribu kuikamata noti yako, na unasikika hivyo: mwembamba, umenyooka, mbali na gitaa. Unatakiwa kupiga noti moja safi, uache itulie, ndipo ushikilie kanyagio. Nyuzi nyingine zikiguswa, inapotea. Wakusanyaji wamezipandisha bei za zilizobaki, na kwa hela hizo ningenunua FreqOut na adapta yake.

Usizichanganye na hizi

Ukitafuta pedali za fidibaki utaletewa pia Total Sonic Annihilation ya Death By Audio wa New York, na Fuzz Factory ya Zachary Vex. Ya kwanza inachukua sauti inayotoka kwenye pedali zako nyingine na kuirudisha zilikoingilia, mpaka zianze kupiga kelele zenyewe. Ya pili ni fazi (aina ya distoshoni kali) ambayo nobu yake ya Stab inaweza kuifanya ilie hata gitaa likiwa kimya. Sauti zao zinafuata mkao wa nobu, hazifuati noti unayopiga. Kwa muziki wa majaribio ni hazina. Kwa anayetaka noti ya mwisho iimbe kwenye kodi ya wimbo, hazifai, na zikifunguliwa ghafla kwenye mfumo wa ukumbi zinaweza kuua twita (spika ndogo za sauti za juu). Mwambie fundi mitambo mapema, na anza na sauti chini kabisa.

Umeme, na pedali za mkono wa pili

FreqOut na FB-2 zinataka adapta ya 9V yenye hasi katikati ya pini; kwa DF-2 na nyingine za zamani, soma kwanza lebo yake uone inataka adapta ya aina gani. Ukiagiza kutoka Marekani, geuza adapta usome: ikiandikwa 120V pekee, isiguse ukuta wa huku kwenye 230V au 240V, itaungua hapo hapo. Ikiandikwa 100–240V, badilisha plagi tu.

Kwa FB-2 au DF-2 ya mkono wa pili, nenda na gitaa lako na kebo yako. Fungua skrubu ya kidole iliyo mbele ya kanyagio uangalie chumba cha betri. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye vituo vyake, maji ya betri yalishavuja. Kisha piga noti moja, kanyaga, na ushikilie kwa sekunde kumi ukiuhesabu muda kwa sauti. Swichi iliyochoka itaikata fidibaki njiani au kuirudisha kwa vipande. Rudia mara tano, mara mbili kati ya hizo kwa adapta na nyingine kwa betri, kabla hujataja bei yako.