Electron: kutengeneza programu ni rahisi, kazi iko kwenye kuisambaza

Kama unajua HTML, CSS na JavaScript halafu mtu anataka programu ya kuinstoli kwenye kompyuta, sio ya kufungulia kwenye brauza, Electron itakufikisha haraka kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kutumia. Mimi nimetengenezea programu ya stoo, inafanya kazi hata intaneti ikikatika, na kurasa nilizokuwa nazo kwenye wavuti nilizihamishia huku karibu zote kama zilivyo.

Kwa asiyeijua, ni fremuwaki ya kutengenezea programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti, ilianzia GitHub mwaka 2013 ikiitwa Atom Shell, jina la Electron likaja 2015, na VS Code, Slack na Discord zimejengwa juu yake. Inachofanya ni kubeba Chromium (brauza ambayo Chrome imejengwa juu yake) na Node.js (inayoendesha JavaScript nje ya brauza) ndani ya programu yako, kwa hiyo ukurasa unatoka vilevile Windows, Mac na Linux, na hilo peke yake limeniokolea kazi nyingi sana. Ila ni nzito kwelikweli, hata programu yenye dirisha moja tupu inapita megabaiti 100 ikishainstoliwa, na memori inakula.

Nilichokipenda kupita vyote ni printToPDF, yaani ukurasa wa ripoti uleule wa HTML unautoa PDF bila kuandika ripoti upya.

Kwenye usalama naomba mtulie kidogo. Kuna prosesi kuu inayogusa mafaili ya kompyuta, na kuna nyingine inayoonyesha ukurasa. Mafunzo mengi ya zamani yanakwambia washa nodeIntegration, yaani mpangilio unaoupa ukurasa nguvu za Node.js, ili ufanye kila kitu, usiwashe jamani, skripti mbaya ikiingia tu kwenye ukurasa inafika mpaka kwenye mafaili ya mtumiaji! Tangu toleo la 12 contextIsolation, inayotenga skripti za ukurasa na zile zenye uwezo wa Electron, inakuja ikiwa imewashwa, iache hivyohivyo. Mimi kwa contextBridge, ambayo ni daraja kati ya pande hizo mbili, nimeupa ukurasa fankisheni moja tu ya kuhifadhi, inatuma ujumbe kwa kutumia ipcRenderer.invoke, huko prosesi kuu inakagua data kwanza ndo iandike faili.

Sasa kusambaza. Zana ya electron-builder inakutolea mafaili ya kuinstoli, exe ya Windows, dmg ya Mac na AppImage ya Linux, bila shida, ila programu isiyo na saini ya kidijitali (inayothibitisha nani kaitoa) ikifika kwa mteja Windows inamtolea onyo kwamba mchapishaji hajulikani, na mtu wa kawaida akiona vile anafunga. Mac ndo kali zaidi, lazima usaini halafu uipeleke Apple ikaguliwe, na uanachama wao wa madevelopa ni dola 99 kwa mwaka, na bila saini hata apdeti za kujipakua zenyewe hazifanyi kazi huko. Kwa hiyo gharama ya saini itaje kwenye bei mapema, kabla hujaahidi tarehe.

Tauri nayo, mbadala wa Electron, nimeijaribu, toleo la 1.0 lilitoka 2022 na 2.0 likaja 2024. Yenyewe inatumia injini ya wavuti iliyopo tayari kwenye kompyuta, ndo maana faili la kuinstoli linaweza kuwa megabaiti chache tu. Kwa programu ndogo ningeichukua hiyo bila kusita, ingawa upande wa nyuma unaandikwa kwa lugha ya Rust na injini zinatofautiana, Windows ni WebView2, Linux ni WebKitGTK. Ya stoo inabaki Electron, kwa sababu ripoti zake lazima zitoke sawa kwenye kila mashine.