Apicurio Registry: rejista ya skima inayosubiri uiwekee kanuni

Aliyefanya kazi na Kafka, mfumo wa kupitisha ujumbe kati ya programu, katika taasisi yenye timu zaidi ya moja anaujua usumbufu wake. Ujumbe wa malipo huandikwa na programu moja na kusomwa na nyingine kadhaa, kila moja ikiwa na nakala yake ya skima, yaani maelezo ya muundo wa ujumbe, na siku mwandishi anapobadilisha sehemu moja bila kumwambia mtu, wasomaji hugundua pale ujumbe unapokataa kufunguka. Apicurio Registry, programu huria iliyokuzwa kwa udhamini wa Red Hat na kutolewa chini ya leseni ya Apache 2.0, inakusudia kuondoa hali hiyo kwa kuziweka skima na maelezo ya API (njia ambazo programu hutumia kuzungumza na nyingine) mahali pamoja, ambapo watu hufika kwa kivinjari na programu hufika kwa maombi ya wavuti ya REST. Kwa maoni yangu ni rejista bora, ila ulinzi wake hauji wenyewe.

Kinachoitofautisha ni upana wake. Rejista ya kampuni ya Confluent, ambayo wengi wameizoea, hupokea Avro, JSON Schema na Protobuf, ambazo ni namna za kuandika skima. Apicurio hupokea hizo zote, kisha ikaongeza OpenAPI, AsyncAPI na GraphQL za kuelezea API, pamoja na WSDL na XSD za huduma na hati za XML. Kila hati huwekwa katika kundi na kupewa kitambulisho, na badiliko lolote huhifadhiwa kuwa toleo jipya bila kugusa lililotangulia. Taasisi ambayo bado ina huduma kongwe za SOAP (zinazoelezwa kwa WSDL) upande mmoja na ujumbe wa Kafka upande wa pili haihitaji rejista mbili.

Thamani yake halisi, hata hivyo, iko katika kanuni, yaani masharti ambayo toleo jipya la hati lazima litimize ili lipokelewe. Tuseme skima ya Avro iitwayo Malipo ina sehemu ya kiasi yenye aina ya int (namba kamili), na kanuni ya utangamano imewekwa BACKWARD, yaani msomaji mwenye skima mpya lazima aweze kuisoma data ya zamani. Ukiongeza sehemu ya sarafu bila thamani ya msingi, rejista inakataa kwa jibu la 409, msimbo wa HTTP wa mgongano, kwa kuwa malipo ya jana hayana sarafu na msomaji hatajua ajaze nini. Ukiiongeza sehemu hiyohiyo na kuipa TZS kama thamani ya msingi, inapita. Ukibadilisha kiasi kutoka int kwenda long, aina yenye nafasi ya namba kubwa zaidi, inapita pia, kwani Avro inaruhusu namba ndogo kupanuliwa. Lakini ukiweka FULL, inayodai utangamano wa pande zote mbili, badala ya BACKWARD, badiliko hilo la long linakataliwa, kwa sababu msomaji wa zamani anayetarajia int hawezi kupokea long. Hapo ndipo mjadala ambao zamani ulifanyika baada ya mfumo kuanguka unapofanyika kabla msimbo haujaenda popote, hasa ukitumia programu-jalizi ya Maven, zana ya kujengea miradi ya Java, kufanya ukaguzi wakati wa kujenga mradi.

Tatizo ni kwamba rejista mpya huanza bila kanuni yoyote. Rejista ya Confluent huanza ikiwa na BACKWARD. Apicurio hukuachia mlango wazi, na skima ya Malipo inaweza kubadilishwa ikawa kitu kingine kabisa bila yeyote kuonywa. Naelewa sababu, maana bidhaa inayopokea aina nyingi hivi haiwezi kukisia kanuni inayozifaa zote, lakini onyo dogo kwenye ukurasa wa kwanza lingesaidia sana. Hatua ya kwanza baada ya kuisimika iwe kuwasha kanuni za uhalali (kwamba hati imeandikwa sawasawa) na utangamano kwa rejista nzima, kisha kulegeza pale panapohitajika.

Kwa upande wa API, sifa ni nusu. Katika mfululizo wa toleo la 2, nyaraka zake zilieleza wazi kwamba hati za OpenAPI hukaguliwa uhalali tu, si utangamano. Ukifuta njia nzima ya /malipo kutoka katika maelezo ya API, hati inabaki halali, na rejista ya mfululizo huo inaipokea. Anayeitaka hasa kwa ajili ya OpenAPI ahakikishe kwanza toleo analosimika linakagua nini.

Kuhusu uhifadhi kuna machaguo ya kueleweka: kumbukumbu ya muda kwa majaribio, ambayo hupotea seva ikizimwa, au hifadhidata ya PostgreSQL, au Kafka yenyewe. Kwa kazi halisi ningechagua PostgreSQL, kwa kuwa kuifanyia nakala rudufu ni jambo ambalo karibu kila msimamizi wa mifumo analijua.

Wanaohama kutoka Confluent watafurahia kwamba Apicurio inaelewa API ya rejista hiyo, hivyo programu nyingi huhitaji kubadilishiwa anwani tu. Waangalie jambo moja: Confluent hutanguliza kila ujumbe kwa baiti moja ya sifuri na kitambulisho cha skima cha baiti 4, ilhali vifaa vya Apicurio vya kuandikia ujumbe, katika toleo la 2, viliandika kitambulisho cha baiti 8 visipoelekezwa vingine. Msomaji anayetarajia 4 akikutana na 8 hushindwa, lakini si kwa sababu ya skima, na anayetafuta kosa kwenye skima atapoteza siku nzima. Toleo la 3 limehamia baiti 4, na kwa anayeanza leo hiyo pekee inatosha kuliruka la 2.