Simbilisi wa kumlisha mbwa: kumtupia hai au kumchinja kwanza?

Iringa na Mbeya ziko nyumba zinazofuga simbilisi (guinea pig, mnyama mdogo wa jamii ya panya) jikoni, wakila majani na maganda. Wengi huwa kitoweo; wengine huishia kwa mbwa, na hapo njia ni mbili.

Kumtupia hai hakuna gharama, na wapo wanaosema kunamfanya mbwa wa ulinzi awe mkali. Siafiki hata kidogo. Simbilisi ndani ya uwanja wenye ukuta hana pa kukimbilia. Hulia kwa sauti nyembamba, kali, na mbwa asiye na njaa anaweza kumrusharusha kwanza kabla ya kumuua. Tena mbwa aliyezoeshwa kufukuza kila kinachokimbia, kesho atamrudia kuku wa jirani.

Kumchinja kwanza kunataka kisu kikali na mkono wa uhakika, basi. Nyama ichemshwe iive vizuri, maana moto huua vimelea. Mifupa itolewe, kwani iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Supu ikichanganywa na ugali wa dona, mbwa hula akashiba.

Mimi nachagua hii ya pili bila kusita. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini hata isingekuwepo ningesema hivyo hivyo. Na kabla ya kisu, mpapase tumbo: simbilisi hubeba mimba zaidi ya miezi miwili, na watoto huzaliwa na manyoya, macho wazi. Mwenye mimba mwache azae.