Kadogo au lipa mdogo mdogo?

Mombasa, Likoni hadi Kongowea, mwenye kipato cha siku huuziwa kwa njia mbili. Kadogo ni kununua kidogo kidogo, kama mafuta ya kupima: hudaiwi na mtu, lakini ukijumlisha, lita yako ni ghali kuliko ya anayenunua mtungi, na hilo linaniuma. Lipa mdogo mdogo, kama kampuni ya M-KOPA ilivyoanza kuuza sola Kenya mwaka 2012, hukupa taa leo ulipe polepole kwa M-Pesa. Ukikosa kulipa, mtambo hujifunga. Jumla hupita bei taslimu, ila ukimaliza ni chako. Matengenezo? Kadogo haina, betri ya sola huchoka. Kibarua wa bandarini asiyejua kama kesho ataitwa, kadogo humwacha huru. Mama mwenye genge linaloingiza kila jioni, sola itamfaa zaidi.