Zeek na Suricata katika ofisi ndogo: uzoefu wangu

Kila ikifika saa nane mchana, intaneti ya ofisi yetu ilikuwa inakufa. Tuko watu kumi na wanne, ghorofa ya tatu, Moi Avenue, Nairobi, na mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Hata birika la umeme likiharibika naitwa mimi. Kampuni ya intaneti niliipigia simu hadi wakaizoea sauti yangu.

Mwishowe nikashuka Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki, nikanunua kompyuta ndogo ya mtumba yenye RAM ya GB 8, nikaichomeka kwenye swichi inayoweza kunakili trafiki yote, yaani data yote inayopita kwenye mtandao wetu, kwenye tundu moja. Programu zenyewe za kuchunguza trafiki hiyo, Suricata na Zeek, ni huria, hazikunitoa hata shilingi.

Suricata, inayolinganisha trafiki na kanuni na kupiga kelele ikiona dalili mbaya, niliianza kwa pupa. Niliwasha kanuni zote, za ET Open (mkusanyiko wa bure) na zile zinazokuja na Suricata yenyewe, na jioni nikakuta maelfu ya tahadhari, nyingi zikianza na "SURICATA STREAM". Hizo zilikuwa zikilalamikia pakiti, yaani vipande vya data, zilizopotea wakati wa kunakiliwa, si wezi. Nililala na kichwa kinauma.

Zeek, ile iliyoitwa Bro hadi 2018, haina kelele. Inaandika tu: nani kaongea na nani, saa ngapi, poti gani (namba ya mlango wa huduma), baiti ngapi. Nikaifungua conn.log, faili yake ya orodha ya miunganisho, nikapanga anwani zetu kwa wingi wa miunganisho. Iliyoongoza haikuwa kompyuta ya mtu. Ilikuwa kinasa cha kamera za CCTV, kikibisha poti 23, ya Telnet (njia ya zamani ya kuingia kwenye vifaa kwa mbali), kwenye anwani za ovyo duniani kote, na karibu kila mstari una S0: ombi limetoka, jibu hakuna. Ndiyo tabia ya Mirai, programu hasidi iliyovamia kamera na vinasa kwa nywila za kiwandani mwaka 2016. Fundi wetu aliacha nywila ilivyotoka kwenye boksi, tena akakifungua kinasa kwa nje ili bosi aone kamera kwa simu. Raouta ilikuwa hoi tayari. Watu wakirudi kutoka lunch, basi.

Nilimwonyesha bosi pakiti zenyewe kwenye Wireshark, programu ya kuzitazama moja moja. "Kwa hivyo kamera ndiyo mwizi?" akauliza. Nikamwambia, "Ametumwa, mama."

Kasoro ya Zeek ni kwamba haina skrini ya kupendeza. Usipopenda kuandika amri, itakuchosha. Na trafiki iliyosimbwa huoni ndani yake, unaona tu inakoelekea.

Suricata sikuitupa. Nilizima kanuni za STREAM, nikabakiza za programu hasidi. Siku hizi napata tahadhari tatu au nne, nazisoma na chai ya saa nne.