Darubini ya macho mawili, 7x50: baharini safi, angani nusu

Nimeinunua Malindi, duka la vifaa vya uvuvi karibu na soko, Sh 6,500 baada ya kuvutana bei kutoka 8,000. Saba ni mara inavyokuza, hamsini ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Nahodha mwenzangu, usidanganywe na zile zinazokuza mara ishirini. Chomboni kila kitu kinacheza, ukikuza sana utaona mtikisiko wako mwenyewe tu.

Baharini sina la kulalamika. Tukirudi Lamu tulipita nje ya Ngomeni, nikayaona majukwaa ya San Marco, yale ya Waitaliano ya kurushia roketi, nguzo kwa nguzo. Vijana wangu walibisha nilipowaambia kuwa hapo ndipo iliporushwa setilaiti tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya.

Lakini mimi niliitaka kwa jambo jingine. Mpwa wangu ana programu ya simu inayomjulisha kituo cha anga cha kimataifa kikipita juu yetu. Tulisali magharibi tukapanda darini. Kikatokea upande wa Matondoni, kinang'aa kama Zuhura, hakipepesi, na kabla ya kufika juu ya Shela kikazimika ghafla: kimeingia kivuli cha dunia. Ndani ya darubini? Nukta ile ile, imenenepa kidogo. Kina urefu wa kama uwanja wa mpira, lakini kiko kilomita 400 juu, kinakwenda kilomita 28,000 kwa saa. Mkono haukiwahi.

"Mjomba, hao wanaokaa humo wakisali wanaelekea wapi?"

Nikampa habari ya Sheikh Muszaphar Shukor, mwanaanga wa Malaysia, aliyepanda huko Oktoba 2007, Ramadhani ikiishia. Wanazuoni wa kwao walimtolea mwongozo: elekea Kaaba ukiweza, usipoweza elekea dunia, ukishindwa kabisa popote. Nyakati afuate za pale aliporukia, maana kule jua huchomoza mara 16 kwa siku. Naye Sultan Al Neyadi, mwanaanga wa Falme za Kiarabu, aliyekaa huko miezi sita mwaka 2023, alisema yeye ni msafiri, saumu si lazima kwake. Fiqhi ya mabaharia hiyo!

Na maisha yao nayajua. Maji kwa kipimo, ila sisi tuna pipa, wao husafisha hata jasho na mkojo wakanywa tena. Kulala, mtu amejifunga asielee. Mkate hawautaki, chenga zitaingia machoni na mitamboni, kwa hiyo wanakula mikate myembamba kama chapati. Chakula huwapooza mdomoni, wakalilia pilipili, kama sisi na achari siku ya kumi safarini. Ila wao wasipofanya mazoezi kama saa mbili kila siku, mifupa hudhoofu. Baharia wangu tanga linamtosha.

Sasa kasoro. Ukanda ulikatika wiki ya pili. Muuzaji aliapa haiingii maji, mvua ya kwanza ya kusi ikatia ukungu kioo cha kushoto, na haujaisha.

Ukiitaka kwa anga, lala chali uitazame Kilimia, kile kishada cha nyota, au egemea ukuta utafute miezi ya sayari ya Mushtarii. Hapo inalipa. Naipa nyota tatu kati ya tano. Na ukiwa bado dukani, itazame taa ya mbali kwa macho yote mawili: ukiona taa mbili, mrudishie mwenyewe.