Antivirusi hii kuingia rahisi, kutoka kazi

Kwenye kukamata virusi sina lawama nayo: nyepesi, haipigi kelele, haichoshi kompyuta. Shida huanza siku unapotaka kuitoa ili uweke toleo jipya. Niliiondoa kwenye Control Panel kama programu nyingine yoyote, nikazima kompyuta, nikawasha. Nafungua kisakinishi kipya, kinaniambia tayari kuna toleo jingine, niliondoe kwanza. Kosa namba 1638. Naangalia orodha ya programu, haimo!

Kumbe kisakinishi hakiulizi kama programu inafanya kazi. Kinatazama kumbukumbu zilizobaki kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo na programu, na hizo hazikuguswa. Folda nazo zilikataa kufutika, maana antivirusi hujilinda yenyewe: viendeshi vyake (driver, programu ndogo zinazofanya kazi ndani kabisa ya mfumo) huamka mapema pamoja na Windows, na hata uwe msimamizi utaambiwa huna ruhusa. Ikabidi niingie Safe Mode, ambako huwaka vitu vya lazima tu.

Huko nikafuta folda ya Program Files, kisha ile ya ProgramData, ambayo huioni mpaka uruhusu vitu vilivyofichwa vionekane. Kazi kubwa ilikuwa kwenye regedit, programu ya Windows ya kuhariri rejista. Kwanza Export, upate nakala ya kurudishia mambo yakiharibika. Halafu HKEY_CLASSES_ROOT, Installer, Products. Pale utakuta funguo zenye majina ya herufi na tarakimu 32 zisizosomeka kabisa. Bofya mmoja mmoja, utazame upande wa kulia palipoandikwa ProductName. Ukiona jina la antivirusi yako, huo ndio wa kufuta, na huo peke yake.

Folda ya C:\Windows\Installer iache hata kama imejaa. Programu nyingine huzihitaji faili zile siku ya kurekebishwa au kuondolewa.

Viendeshi sikuvigusa kwa mkono, hasa cha mtandao, maana ukikitoa vibaya unaweza kubaki bila intaneti. Hivyo viliondolewa na zana ya kampuni yenyewe. Ndiyo, wanayo! Wameificha ndani kabisa ya kurasa za msaada, na kisakinishi chao hakisemi popote kwamba ipo. Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Baada ya hapo toleo jipya liliingia bila swali. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne watapata wakiiweka zana hiyo ndani ya kitufe cha kuondoa.